Visima Vilivyopotelea Atlantiki

Kuna jedwali la vituo vya maji vya Tanzania ambalo wachambuzi wa data wa mabara yote wamelifungua, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga Tanzania. Lilitokana na kazi ya Wizara ya Maji ya kuzunguka vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kuandika kila bomba, kila kisima cha kupampu kwa mkono na kila chemchemi iliyojengewa. Baadaye data hizo ziliwekwa wazi, zikatumika katika shindano la kubashiri pampu zipi zimeharibika na zipi bado zinatoa maji. Sehemu ya jedwali ambayo washindani hupewa kujifunzia ina mistari 59,400.

Imwage mistari hiyo kwenye ramani, na nchi itajichora yenyewe kwa nukta. Iringa imejaa. Mbeya imejaa, na mitelemko ya Kilimanjaro imeshonana nukta hata vijiji havionekani. Ukiendelea kutazama utaona doa moja la ajabu, mbali magharibi, nje kabisa ya bara. Ni nukta zaidi ya 1,800 zilizorundikana mahali pamoja katika Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, pale Ikweta inapokutana na meridiani ya Greenwich. Ukisoma maandishi yake, jedwali linakwambia kuwa hivyo ni visima vya Shinyanga na Mwanza.

Hakuna aliyechimba kisima baharini. Ni kwamba mahali palipokosekana koodineti paliandikwa sifuri na sifuri, na kwa bahati mbaya sifuri na sifuri ni mahali halisi duniani. Kompyuta haikuona kosa. Iliambiwa latitudo sifuri, longitudo sifuri, ikatii.

Na si hilo tu. Jedwali hilohilo lina majina 21 ya mikoa lakini namba 27 za mikoa. Mistari zaidi ya 20,000 inasema kituo kilijengwa mwaka sifuri. Safu ya waliojenga ina majina zaidi ya 2,000, kwa sababu mfadhili mmoja wa Denmark ameandikwa mara DANIDA, mara Danida, mara DANID, na kwa kompyuta hao ni wafadhili watatu. Kila mshindani anayelifungua hugundua sifuri hizo upya, huzisafisha upya, kisha huenda zake.

Sisemi haya kuicheka Wizara. Kufika kwenye kila bomba la kijijini katika nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 945,000 hivi ni kazi ambayo serikali nyingi hazijaithubutu, na kuweka matokeo hadharani, pamoja na madoa yake, ni jambo la kupongezwa. Ninalitaja jedwali hili kwa sababu linaonyesha kwa uwazi tatizo ambalo katika ofisi nyingine limefichwa kabatini. Mtu fulani alijua kwa nini Shinyanga ina sifuri. Huenda ni kifaa kilichogoma, huenda ni fomu zilizoingizwa kabla koodineti hazijafika; yeye alijua. Ujuzi huo haukusafiri pamoja na data.

Ofisi za umma za Afrika Mashariki hazina njaa ya ramani. Ardhi wana zao, maji wana zao, barabara, misitu, takwimu, umeme, halmashauri, kila mmoja ana zake, na siku hizi nyingi zimo kwenye kompyuta. Zinachokosa ni kuambiana: ramani hii ilipimwa na nani, lini, kwa mfumo upi, kwa ajili ya nini, na nini kiliachwa makusudi. Hayo yamo vichwani mwa watu, na watu huhamishwa vituo, hustaafu, hufariki. Ndiyo maana, kila ninaposoma kuwa taasisi fulani “inaboresha mfumo wake wa taarifa za kijiografia”, mimi sitafuti idadi ya seva wala aina ya ndege nyuki iliyonunuliwa. Natafuta kama kuna mtu aliyepewa kazi ya kuwaeleza wenzake.

Chukua kisa cha mita 300. Kila mpima ardhi wa Kenya na Tanzania anakijua, na kila mwaka kinawanasa wasio wapima.

Ramani za zamani za eneo letu, zile karatasi za kipimo cha 1:50,000 ambazo bado zimo katika droo za halmashauri, zilichorwa na ofisi ya upimaji ya makoloni iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946. Mkandarasi wa leo akipewa nakala ya kidijitali ya karatasi hizo, anapewa pia, bila kuambiwa, dhana nzima ya umbo la dunia. Wapima wa zama zile walishikilia mlolongo mrefu wa pembetatu uliofuata meridiani ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kazi iliyoanza karne ya 19 na kukamilika 1954. Walitumia kielelezo cha dunia kilichokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1880, ambacho nusu kipenyo chake kwenye Ikweta kinazidi kile kinachotumiwa na GPS kwa mita 112 hivi. Mfumo uliotokana na kazi hiyo kwetu unaitwa Arc 1960. GPS yenyewe inatumia mfumo mwingine, WGS 84, ambao kitovu chake kiko kwenye kitovu cha uzito wa dunia. Vitovu vya mifumo hii miwili havikutani.

Matokeo yake ni kwamba nukta ileile ya ardhini ina koodineti mbili, na katika pwani yetu tofauti kati yake kwenye gridi ni karibu mita 100 katika mwelekeo wa mashariki-magharibi na mita 300 hivi katika mwelekeo wa kaskazini-kusini. Hakuna mfumo wenye kosa. Kosa huzaliwa pale ofisi moja inapompa mwenzake orodha ya namba bila kusema ni za mfumo upi. Kwa mwenye shamba la mkonge la hekta elfu, mita 300 ni usumbufu tu. Kwa mwenye kiwanja Magomeni, zinatosha kuihamisha nyumba yake ng'ambo ya Mto Msimbazi. Fikiria bomba la maji linalochorwa upande wa pili wa barabara, au hifadhi ya msitu inayoingia kwenye vihamba vya watu, halafu mgogoro unapelekwa baraza la ardhi na kila upande unakuja na ramani yenye mhuri.

Dawa ya tatizo hili ni namba moja. Kuna orodha ya kimataifa iliyoanzishwa na wapima wa kampuni za mafuta za Ulaya, na ndani yake kila mfumo wa koodineti una namba yake. Arc 1960 kwa ukanda wa pwani ya Tanzania ni 21037. WGS 84 kwa ukanda huohuo ni 32737. Tarakimu tano, ziandikwe kwenye barua inayosindikiza faili. Programu yoyote ya leo, ya kulipia au ya bure, ikizipata tarakimu hizo itahamisha nukta zote kwa sekunde chache. Zisipoandikwa, mhandisi ataketi siku nzima akibahatisha, na akichoka atazisogeza nukta kwa mkono mpaka zilingane na barabara anayoiona kwenye picha ya setilaiti. Hapo ndipo data inapoharibika kabisa, maana sasa ina kosa lisiloweza kukokotolewa.

Mimi nashangaa kwamba tuna mamilioni ya fedha kwa ajili ya vifaa vipya na hatuna fomu ya nusu ukurasa ya kuandika tarakimu tano.

Tatizo la pili la aina hiyo ni majina. Moshi ina kata ya Majengo. Dodoma ina Majengo. Songea nayo ina Majengo, na orodha haiishii hapo. Ofisi ya afya ikituma idadi ya wagonjwa wa kipindupindu wa “Majengo” kwa ofisi ya maji, mpokeaji lazima atafute kwingine ajue ni Majengo ipi. Ongeza kwamba mipaka yenyewe haitulii. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ikajitenga na Mbeya. Ubungo na Kigamboni zikawa wilaya. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kila badiliko ni tangazo kwenye Gazeti la Serikali, lakini faili la mipaka lililomo kwenye kompyuta ya afisa wa kilimo halisomi Gazeti la Serikali. Litaendelea kumwonyesha Bariadi ikiwa Shinyanga mpaka mtu amletee jipya.

Jirani zetu Rwanda walilitatua hili kwa njia ambayo inastahili kusomwa kwa utulivu. Kati ya 2009 na 2013 walisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 kwa kutumia picha za angani na vijana wa vijijini waliofundishwa kuchora mipaka juu ya picha hizo, majirani wakiwa wamesimama pale pale shambani. Kasi hiyo ndiyo inayosifiwa kila mahali. Kwangu mimi la kusifiwa zaidi ni kwamba kila kipande kilipewa namba yake pekee, inayojengwa kwa namba ya mkoa, wilaya, sekta, kata ya chini na kipande chenyewe. Benki ikikopesha, inaandika namba hiyo. Mnunuzi na muuzaji wanaandikishana kwa namba hiyo. Hapo ofisi mbili zinaweza kubadilishana taarifa za shamba moja hata kama hazijawahi kupeana mkono, kwa sababu zimekubaliana shamba linaitwaje.

Sasa nije Dar es Salaam, penye kisa chenye mafunzo zaidi ya vyote.

Desemba 2011 mvua zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, na waliopoteza makazi bondeni wakapelekwa Mabwepande. Baada ya hapo kila aliyetaka kufanya lolote kuhusu mafuriko alikutana na ukuta uleule: mitaa iliyofurika haikuwa kwenye ramani inayofaa. Tandale, Manzese, Kigogo na Mchikichini zilionekana kwenye picha za setilaiti kama zulia la mabati. Mitaro ya maji haikuonekana kabisa, na mtaro ndio unaoamua maji yataingia sebuleni kwa nani.

Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Ulizikutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, serikali za mitaa, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia, pamoja na watu wa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na umma. Wanafunzi wa upimaji na mipango miji waliingia mitaani na wenyeji wa mitaa hiyo. Walipima mitaro upana na kina, wakaandika imejengwa kwa nini na imeziba wapi. Waliwauliza wakazi maji yalifika wapi, na wakazi wakawaonyesha alama ukutani. Katika awamu iliyofuata walichora hata mipaka ya mashina, yale makundi madogo ya nyumba yenye mjumbe wake, kitu ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote kwa sababu kilikuwa kichwani mwa mjumbe. Mjumbe alitembea nao akisema, nyumba hii yangu, ile ya mwenzangu.

Tazama njia zilizopitiwa na ujuzi hapo. Programu iliyotumika kukadiria nani ataathirika maji yakipanda ilitokana na kazi iliyofanywa Indonesia kwa ajili ya majanga ya huko. Ujuzi wa mtaro wa Tandale ulitoka kwa mkazi wa Tandale. Katikati alikuwepo mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, na hapo ndipo palipokuwa na akili ya mradi, maana mwanafunzi huyo baadaye huajiriwa halmashauri, wizarani au kwa mkandarasi, na anakwenda na alichokijua. Zanzibar walifanya jambo kama hilo mwaka 2016 pale Kamisheni ya Ardhi ilipoanza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege nyuki: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuzirusha na kuunganisha picha zake, badala ya kazi yote kupewa kampuni ya nje inayokabidhi diski na kupanda ndege.

Lakini Jangwani inatukumbusha kuwa kujua na kuambiana ni mambo mawili. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa ndani ya bonde la Msimbazi, na tangu huduma ilipoanza 2016 imefurika mara kadhaa. Abiria wa Kimara wanajua maana ya asubuhi ambayo barabara ya Jangwani imefungwa. Hakuna aliyehitaji setilaiti kujua kuwa pale pana maji. Mzee yeyote wa Kigogo angesema. Swali ninalolijali hapa ni hili: ujuzi wa mzee yule, wa afisa wa mazingira, wa mtaalamu wa mto na wa mpanga usafiri ulikutana kwenye meza ipi, kabla ya zege kumwagwa?

Meza hiyo ilikuja kuwekwa mwaka 2018. Ofisi za serikali kuu, manispaa, wataalamu na wakazi wa bonde waliketi kwa awamu kadhaa juu ya ramani moja ya Msimbazi, wakibishana. Kutokana na vikao hivyo ulipatikana mpango wa bonde, na baadaye mradi mkubwa ambao ndani yake umo uhamishaji wa karakana hiyo na kuinuliwa kwa daraja. Ilikuwa bora mabishano yale yafanyike miaka 10 kabla, lakini yamefanyika, na yalifanyika juu ya ramani ambayo kila upande ulijua imetoka wapi.

Fedha nazo zina sauti katika jambo hili, na mfano safi zaidi uko Marekani. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972. Katika miaka ya 1980 uuzaji wa picha zake ulikabidhiwa kampuni binafsi, na bei ya picha moja ikapanda hadi zaidi ya dola 4,000. Zilipoanza kuuzwa tena na serikali, picha ya Landsat 7 ilikuwa dola 600. Miongoni mwa wanunuzi walikuwemo ofisi nyingine za serikali hiyohiyo, yaani fedha ilitoka mfuko wa kulia wa shati ikaingia wa kushoto, na njiani ikalipa makarani. Mwaka 2008 shirika la jiolojia la nchi hiyo likafungua hazina yote bure. Mwaka ambao mauzo yalifana zaidi, picha 25,000 hivi zilinunuliwa. Baada ya kufunguliwa, zilichukuliwa zaidi ya milioni moja ndani ya mwaka. Setilaiti ilikuwa ileile. Watafiti wa misitu, wa maji na wa kilimo, pamoja na wa kwetu wanaofanya kazi na kituo cha kikanda cha ramani kilichoanzishwa 1975 na kilichopo Kasarani, Nairobi, ghafla waliweza kulinganisha shamba lilelile mwaka baada ya mwaka bila kuomba kibali cha mhasibu.

Wamarekani hao hao, mwaka 1994, Rais wao alikuwa ametoa amri yenye kifungu ambacho ningependa kukiona kimebandikwa katika kila kitengo cha manunuzi: kabla ofisi ya serikali haijatumia fedha za umma kukusanya data mpya za kijiografia, kwanza iangalie kama ofisi nyingine inazo. Afrika Kusini nao walitunga sheria kamili mwaka 2003, inayotaja nani ni mlezi wa data ipi na kumtaka aandike maelezo ya data hiyo. Sheria ilikuwa nzuri, utekelezaji ukachukua miaka mingi. Sishangai. Sheria inaweza kumlazimisha afisa kutoa faili. Haiwezi kumlazimisha kueleza, kama kueleza hakumo kwenye orodha ya majukumu anayopimwa nayo mwisho wa mwaka.

Tanzania haiko nyuma kwa upande wa mabomba ya kupitishia data. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ipo, Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo, na mamlaka hiyo imejenga mfumo wa kuunganisha mifumo ya taasisi ili ibadilishane taarifa bila karani kubeba flashi. Hata hivyo, mabomba yakishaunganishwa husafirisha chochote kinachotiwa ndani, pamoja na sifuri za Shinyanga, na kwa kasi kubwa zaidi.

Najua kuna warsha. Nimeona mabango yake na mikoba yake. Kinachonikera katika warsha nyingi ni nani anayekuja. Barua ya mwaliko inapanda hadi kwa mkuu wa idara, mkuu anateua, na aliyeteuliwa mara nyingi ni yule ambaye zamu yake ya posho imefika. Binti anayeshinda na programu kuanzia asubuhi, anayejua kuwa safu ya nne ya jedwali imekosewa tangu Machi, anabaki ofisini kwa sababu “kazi itasimama”. Mkutano wenye faida ungekuwa wa watu wanane wa ngazi yake, kutoka ofisi nane, wamekaa na kompyuta zao kwenye ukumbi wa halmashauri, chai na maandazi, kila mmoja akiwaonyesha wenzake faili moja analolitunza na kasoro zake. Wakiondoka wawe na namba za simu za wenzao. Gharama yake ni ndogo mno, na nadhani ndiyo sababu mkutano huo hauna wa kuupigania.

Halafu kuna uhamisho. Utumishi wa umma una utaratibu wa makabidhiano: gari, funguo, mihuri, mafaili ya masijala. Kila kitu kinaorodheshwa na pande zote zinatia sahihi. Sijaona hati ya makabidhiano yenye mstari unaosema: faili la mipaka ya vijiji lililomo kwenye kompyuta hii lilitoka kwa fulani, lilirekebishwa tarehe fulani, na vijiji viwili vya mwisho havijahakikiwa. Mtumishi anaondoka Sumbawanga kwenda Lindi, mrithi wake anafungua folda yenye mafaili manne yaitwayo “mipaka_mpya”, “mipaka_mpya2”, “mipaka_final” na “mipaka_final_kweli”. Anachagua kwa kubahatisha, na wilaya nzima inaendeshwa kwa bahati hiyo.

Wapo wanaoutetea ukimya huu kwa jina la usalama, na si hoja ya kupuuzwa. Mahali walipo faru wa Mkomazi hapapaswi kuwa kwenye ramani ya kila mtu. Jina la mwenye kiwanja, namba yake ya simu na deni lake la kodi si mali ya kusambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuja kwa sababu nzuri. Lakini nimechoka kuona hoja hiyo ikitumika kuficha mtandao wa mitaro. Ofisi yenye siri ya kweli huweza kusema ni siri ipi na kwa kifungu gani. Ofisi inayosema “hizo ni data nyeti” bila kuendelea, aghalabu inaogopa wengine wasione jinsi zilivyo chafu. Na woga huo unaeleweka. Dawa yake ni wakubwa kukubali hadharani kuwa data zote zina uchafu, ili afisa asionekane mzembe kwa kuandika kwamba safu ya nne si ya kutegemewa.

Mwaka 2022 ulionyesha kuwa tukiamua tunaweza. Mapema mwaka huo ilianza operesheni ya anwani za makazi: nyumba zikapewa namba, mitaa ikapewa majina na vibao, na nukta ya kila jengo ikachukuliwa kwa simu na kuingizwa katika mfumo mmoja wa taifa. Agosti 23 sensa ikafuata, ya kwanza nchini kutumia vishikwambi, na safari hii majengo na anwani nayo yalihesabiwa. Wizara ya habari, ofisi ya takwimu, TAMISEMI na serikali za mitaa zililazimika kuzungumza lugha moja kwa miezi kadhaa. Idadi iliyotoka ilikuwa watu 61,741,120, na nyuma ya idadi hiyo kuna maelfu kwa maelfu ya maeneo ya kuhesabia yaliyochorwa na kuhakikiwa mtaa kwa mtaa, kitongoji kwa kitongoji.

Waliofanya kazi hiyo bado wapo. Wanajua kata ipi ilikuwa na mgogoro wa mpaka, kitongoji kipi kiliandikwa kwa jina la zamani, wapi nukta zilichukuliwa chini ya miti minene na hazina uhakika. Kwa desturi yetu ya kuhesabu watu kila baada ya miaka 10, sensa ijayo ni 2032, na kuchora maeneo huanza miaka kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kama wewe ni mmoja wao, fungua faili lako wiki hii na uandike ndani yake mambo manne: mfumo wa koodineti, tarehe ya kupimwa, aliyepima, na unachokishuku. Kisha mtumie nakala mwenzako wa ofisi ya jirani, hata kama hajakuomba.